Mdai Ana Siku 60, Mdaiwa Ana Nini?

Mfanyabiashara wa Mombasa anayemdai mwenzake shilingi laki tisa ana mahali pa kwenda, na huko hakawii. Mahakama ya Madai Madogo iliundwa kwa sheria ya 2016. Mwaka 2020 sheria hiyo ikarekebishwa: kiwango cha madai kikapandishwa hadi shilingi milioni moja, na kesi ikatakiwa iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa. Si lazima uwe na wakili. Ukishinda na mwenzako asilipe, unachukua amri ya kutekeleza hukumu, unampa dalali wa mahakama, mtu anayekamata mali ya mdaiwa na kuiuza, na dalali anaijua nyumba.

Sina ugomvi na mahakama hiyo. Muuza samaki aliyedhulumiwa na mwenye mkahawa anastahili kupata chake kabla mtaji haujaisha. Ninachogombea ni haki ya yule wa upande wa pili: anayedaiwa hiyo laki tisa, biashara yake imekufa kweli, na hakuna alichokificha kwa shemeji wala kwa mke wa pili. Huyu naye ametungiwa sheria, Sheria ya Ufilisi nambari 18 ya 2015. Ukiisoma ni sheria ya kiungwana. Ukijaribu kuitumia ukiwa Kisauni au Changamwe, huna wakili, huna akiba, na simu inaita tangu alfajiri, utagundua kwamba nafuu iliyomo imewekwa mbali na mkono wa mtu aliyefilisika. Anayeifikia ni yule ambaye bado kimebaki kitu mfukoni.

Tuanze na uzuri wake, maana upo. Kabla ya 2015 tulikuwa na Sura ya 53, sheria ya ufilisi tuliyorithi kwa mkoloni. Chini yake mufilisi hakuwa na siku ya kuhesabia. Alibaki mufilisi mpaka arudi mahakamani kuomba aachiliwe, na wengi hawakurudi. Sheria mpya inamwachilia bila ombi lingine, miaka mitatu baada ya kuwasilisha taarifa ya hali yake ya kifedha, isipokuwa apingwe. Inamruhusu kubaki na zana za kazi yake na vyombo vya lazima vya nyumbani, kwa hiyo fundi hanyang'anywi cherehani wala watoto hawalali sakafuni. Tena, mbali na ufilisi kamili, iliweka njia tatu za kuuepuka: mapatano na wadai chini ya msimamizi mwenye leseni, amri ya kulipa kwa awamu, na utaratibu wa mdaiwa asiye na mali.

Njia hii ya tatu ndiyo iliyokusudiwa wanyonge. Huendi mbele ya jaji. Unaomba kwa Mpokeaji Rasmi, afisa wa serikali anayesimamia mambo ya ufilisi. Ukikubaliwa, wadai wanatakiwa kusimama, na baada ya miezi 12 madeni yanafutwa, ukiacha aina chache ambazo sheria haizifuti. Unaingia mara moja tu maishani. Usiwe umewahi kutangazwa mufilisi, usiwe na mali inayoweza kuuzwa, usiwe na uwezo wa kulipa hata kidogo. Na jumla ya madeni yako isipungue laki moja wala isizidi laki nne.

Hapo kwenye laki nne ndipo nataka tukae.

Tuseme kuna mama anayeuza mchele na maharagwe kwa jumla pale Kongowea. Alichukua mkopo wa laki tatu na nusu benki ili apanue stoo. Sacco yake, yaani chama cha akiba na mikopo, inamdai laki mbili na themanini elfu. Mwenye lori aliyemletea mzigo kwa mali kauli anamdai laki moja na nusu. Mzigo ukaingia maji, wateja wa mikopo wakahama, na mume yu kitandani. Akaanza kukopa kwenye simu ili alipe benki, yakafika elfu ishirini, kisha akaenda kwa shailoki wa mtaani, mkopeshaji wa riba asiye na leseni, akachukua elfu sitini ili alipe simu. Jumla ni shilingi 860,000. Hana nyumba, hana gari, hana kiwanja. Kwa kila kipimo cha kibinadamu hana kitu. Lakini kwa kipimo cha sheria deni lake ni kubwa mno kwa mlango wa wasio na mali, maana limezidi mara mbili. Hilo hilo deni halizidi kiwango cha Mahakama ya Madai Madogo. Kila mmoja wa wadai wake watano anaweza kumshtaki pale na kupata hukumu kabla miezi miwili haijaisha.

Kwa hiyo mdai ana njia ya haraka mpaka milioni moja, na mdaiwa ana njia ya haraka mpaka laki nne. Katikati ya namba hizi mbili ndipo wanapoishi wafanyabiashara wengi wa mji huu ambao si masikini wa kutupwa wala si matajiri: wenye maduka ya nguo, wenye tuktuk tatu, mawakala wadogo wa forodha, wenye mikahawa ya pwani. Kiwango cha madai kilipandishwa 2020 kwa sababu iliyoeleweka na kila mtu, kwamba shilingi haina nguvu ya zamani na biashara ndogo haidaiani tena kwa elfu kumi kumi. Hoja hiyo haikuvuka upande wa pili. Laki nne ya 2015 imebaki pale pale huku unga, kodi ya nyumba na nauli ya matatu vimepanda.

Sharti la kutokuwa na mali nalo lina mtego wake hapa Pwani. Majengo, Kisauni na mitaa mingine ya zamani imejaa nyumba bila ardhi: kuta na paa ni zako, udongo ni wa mwingine, nawe unamlipa kodi ya ardhi. Nyumba kama hiyo ni mali au si mali? Mnunuzi atakayekubali kununua kuta juu ya ardhi ya mtu, huku mwenye ardhi akiweza kukataa, hapatikani kirahisi. Na ipo nyumba ya mirathi pale Mji wa Kale ambayo haijagawanywa tangu babu afariki. Mdaiwa ana fungu lake kwenye karatasi, lakini humo wanakaa shangazi wawili na familia ya kaka. Mtu wa namna hii akijaza fomu kwa uaminifu ataandika kwamba ana nyumba, na neno hilo tu latosha kumtia mashakani. Akinyamaza asiandike, ameficha mali, na kuficha mali ni kosa. Sheria iliandikwa ikimfikiria mtu mwenye hati safi au mtu asiye na chochote. Mombasa ina watu wengi walio katikati.

Basi mama wa Kongowea afanye nini? Ataambiwa aombe ufilisi kamili. Hilo linaombwa Mahakama Kuu. Anahitaji ombi rasmi, hati ya kiapo na taarifa kamili ya hali yake ya kifedha. Anahitaji kutangaza gazetini kwamba ameomba kuwa mufilisi, na tangazo la gazeti hulipiwa. Kwa vitendo anahitaji wakili, kwa sababu mdai atakuja na wake. Mtu anaambiwa atafute makumi ya maelfu ya shilingi ili athibitishe kwamba hana makumi ya maelfu ya shilingi. Wengine wanakopa ili wafilisike. Nimelisikia hilo kwa mawakili wa mji huu zaidi ya mara moja, na kila nikilisikia naona haya kwa niaba ya taifa langu.

Akifika mbele ya jaji bado ana mlima mwingine. Majaji wetu wamesema mara kadhaa kwamba ufilisi usitumiwe kama ngao ya kumkwepa mdai mwenye hukumu mkononi. Tahadhari hiyo ina sababu, maana wapo wanaohamisha magari kwa jina la mtoto kisha wanakuja kulia. Lakini matokeo yake ni kwamba mdaiwa mkweli anaanza kusikilizwa akiwa mshukiwa. Anaulizwa kwa nini hakufika mapema, alipokuwa na kazi. Jibu la kweli ni kwamba alipokuwa na kazi alikuwa akilipa.

Njia ya mapatano na wadai sitaizungumza sana. Inataka msimamizi aliyesomea na mwenye leseni, naye analipwa. Inamfaa mwenye kampuni ya utalii au mwenye malori manne. Muuza maharagwe haimhusu.

Wapo watakaosema watu hawa walijitakia. Msemo wetu unajulikana, dawa ya deni kulipa, na aliyekopa kwa ajili ya harusi ya siku nne asituletee machozi. Nawakumbusha wenzangu yaliyoupata mji huu. Tangu Januari 2018 treni mpya ya mizigo ilipoanza kazi, na maagizo yaliyofuata ya kupeleka makasha bara kwa reli, wenye malori, mafundi wa gereji, wenye vibanda vya chakula na mawakala wa forodha kuanzia Changamwe hadi Miritini walipoteza kazi iliyokuwa ikilipa mikopo yao. Watu waliandamana barabarani Jumatatu kwa Jumatatu. Agizo la kurudisha shughuli za kukomboa mizigo Mombasa lilitoka Septemba 2022. Malori mengi yaliyonunuliwa kwa mkopo hayakuweza kungoja miaka minne.

Katikati ya hayo ikaja korona. Aprili 2020 Mombasa ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, hadi Julai. Mwezi Mei Mji wa Kale ukafungwa peke yake ndani ya mji uliofungwa. Ndege za kimataifa zilisimama kuanzia mwisho wa Machi hadi Agosti 1, na hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu zikapeleka wafanyakazi nyumbani. Benki ziliruhusiwa kupanga upya mikopo, na nyingi zilifanya hivyo. Lakini kupanga upya ni kuongeza muda na riba ikiendelea kuhesabiwa. Mpishi wa hoteli aliyekuwa na mkopo wa laki sita na mshahara usiokuja hakujitakia. Amri ya serikali ndiyo iliyofunga mlango wa kazi yake, kwa sababu nzuri ya afya, na hakuna amri iliyofunga mlango wa dalali kwa muda kama huo.

Simu nazo ziliongeza moto. M-Shwari, huduma ya mikopo ya simu, ilipoanza Novemba 2012, ada ya mkopo ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Ukiurudia kila mwezi mwaka mzima, umelipa asilimia 90. Wakafuata wakopeshaji wa programu za simu waliotoza zaidi ya hapo, waliosoma orodha ya majina kwenye simu yako na kumpigia mama mkwe, imamu na mwajiri. Kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 zilikataza vitisho, matusi na kuwapigia watu wasiohusika. Zilisaidia. Shailoki wa mtaani hana leseni ya kunyang'anywa, na yeye ndiye anayekuja mlangoni saa ya futari.

Na tukitaka kujua kama msamaha unawezekana bila kumpeleka kila mtu mahakamani, tuangalie lile la Novemba 2022. Benki Kuu ilitangaza mpango wa kusafisha rekodi za mikopo ya simu: benki zipunguze angalau nusu ya deni lililokuwa limekwama kufikia mwisho wa Oktoba 2022, mkopaji amalize nusu iliyobaki kufikia Mei 31, 2023, na jina lake lisiendelee kusomeka kuwa la mtu aliyeshindwa kulipa. Mpango ulilenga zaidi ya watu milioni nne. Hakuna aliyeapa kiapo, hakuna aliyetangazwa gazetini, na benki hazikuanguka. Kilichowezekana kwa deni la elfu mbili la simu kinaweza kufikiriwa kwa deni la laki sita la duka, likiwa na masharti yake na ukaguzi wake.

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua kuliko yote, ambalo sheria ya 2015 haikulitatua: mdhamini.

Huku kwetu mkopo wa mtu mmoja hauna mtu mmoja. Sacco inataka wadhamini wanachama, na akiba zao ndizo zinazoshika deni. Benki inataka hati, na hati ni ya mjomba. Kikundi cha akina mama kinakopa pamoja na kila mmoja anasimama kwa mwenzake. Huu ndio uliokuwa ukopeshaji wetu hata kabla ya benki, kuaminiana kwa jina la familia, na sina nia ya kuubeza. Lakini fuata kinachotokea mmoja akianguka. Kufunguliwa kwa mufilisi hakumfungui mdhamini wake. Sheria ikikwambia leo u huru, deni lako la Sacco linakatwa kwenye akiba ya mwalimu mwenzako, yule aliyetia sahihi baada ya wewe kumwomba mbele ya chai ya ofisini. Mkopo wa kikundi ndio wenye ukali zaidi: mwenzako akishindwa, nyinyi majirani zake ndio mnaokwenda kwake kubeba friji, televisheni na godoro, kwa sababu msipobeba chake mtabebewa vyenu.

Nimezungumza na watu wengi wa mji huu walio kwenye madeni, na jambo wanalolirudia zaidi ni hili. Jela wanaiogopa, dalali wanamwogopa, lakini kinachowazuia kuomba ufilisi ni uso wa mdhamini. Afadhali akope kwa shailoki kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi kuliko akiba ya shemeji ikatwe. Kwa hiyo anachelewa. Deni la laki tatu, ambalo lingeingia kwenye utaratibu wa wasio na mali bila taabu, linakuwa laki sita kwa sababu ya miezi aliyoitumia kumlinda mtu. Uungwana wake mwenyewe ndio unaomtoa kwenye kiwango cha sheria. Mwanasheria aliyeandika namba ile ya laki nne hakuwa na habari na mtu huyu, na mtu huyu ndiye mdaiwa wa kawaida wa Pwani.

Kuna mwenye dhamana ya mali pia. Tangu sheria ya 2017 ya dhamana za mali inayohamishika, mkopeshaji anaweza kusajili haki yake juu ya gari, friji ya duka, mashine ya kusaga, hata bidhaa zilizo rafuni. Mkopeshaji wa aina hiyo anasimama nje ya ufilisi: anachukua alichowekewa, na wengine wanabaki wakigawana kilichosalia. Mwenye tuktuk aliyeweka logibuku, hati ya umiliki wa chombo, rehani asidhani kwamba ombi la ufilisi litamwachia tuktuk kwa sababu ni zana ya kazi. Halitamwachia.

Halafu jela. Wengi hawaamini kwamba Kenya bado inafunga watu kwa deni, mpaka mtu wao apelekwe gereza la Shimo la Tewa. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai inaruhusu mdaiwa kuzuiliwa hadi miezi sita, mdai akilipia gharama za kumtunza huko. Akitoka, deni liko pale pale. Mwaka 2010 Jaji Martha Koome, ambaye sasa ni Jaji Mkuu, aliamua katika kesi ya ufilisi Nairobi kwamba kumfunga mtu kwa kushindwa kulipa deni la mkataba kunakiuka Kifungu cha 11 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Kenya imekuwa mwanachama wake tangu 1972. Wengi walishangilia. Miaka miwili baadaye Mahakama Kuu hiyo hiyo, kupitia Jaji David Majanja, ilisema jela ya madai haivunji Katiba, mradi mdaiwa apewe nafasi ya kueleza uwezo wake kwanza. Huo ndio msimamo unaotumika zaidi leo, nao kwenye karatasi si mbaya: anayefungwa ni mwenye pesa anayekataa kulipa. Tatizo ni chumba chenyewe. Mtu asiye na wakili anaitwa aeleze kwa nini asifungwe. Hana taarifa za benki mkononi, Kiingereza cha karatasi alizopewa hakielewi, anaogopa, anaahidi kulipa elfu ishirini kila mwezi ili arudi nyumbani. Ahadi hiyo hawezi kuitimiza. Mwezi wa tatu hati ya kukamatwa inatoka, na sasa rekodi inasema ameivunja ahadi yake mwenyewe.

Yanayofuata baada ya kutangazwa mufilisi nitayapita haraka. Mufilisi ambaye hajafunguliwa hawezi kuwa mbunge, kwa Kifungu cha 99 cha Katiba. Hawezi kusafiri nje bila ruhusa, na hilo ni zito hapa ambapo mabaharia na wanaokwenda Ghuba kutafuta kazi ni wengi. Rekodi ya CRB, ofisi zinazoweka kumbukumbu za wakopaji, inabaki miaka kadhaa baada ya deni kumalizika, na waajiri wengine huitazama kana kwamba ni cheti cha tabia.

Dini zetu zilishalisema hili kwa lugha ambayo kila mtu wa Mombasa anaifahamu. Aya ya 280 ya Sura ya Al-Baqara inaamuru mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, na inasema kumsamehe ni bora zaidi. Aya ya 60 ya At-Tawba inawataja waliozamishwa na madeni kuwa miongoni mwa makundi manane yanayostahiki zaka. Ndugu zetu Wakristo wana sura ya 15 ya Kumbukumbu la Torati, ambamo deni liliachiliwa kila mwaka wa saba. Nasema haya kwa sababu nimewasikia wadai wenye kushika dini wakisema kwamba kufuta deni ni uzungu ulioletwa na mawakili. Misikiti na makanisa ya mji huu yangeweza kufanya zaidi ya kuhubiri. Kamati ya zaka inayolipa deni la elfu themanini la mdaiwa aliyethibitishwa imemtoa mtu kwenye mikono ya shailoki, na imemwokoa mdhamini wake pia. Zipo kamati zinazofanya hivyo kimya kimya. Zingetangaza utaratibu wake, watu wangezijia kabla hawajazama.

Lakini zaka haiwezi kubeba kazi ya Bunge. Wabunge wetu wa Pwani, wanaozungumza sana juu ya bandari, walipeleke bungeni jambo hili dogo kwa maandishi: kiwango cha utaratibu wa mdaiwa asiye na mali kilingane na kile cha Mahakama ya Madai Madogo, milioni moja kwa milioni moja, na kila kimoja kinapopanda kingine kipande nacho. Fungu la mirathi isiyogawanywa na nyumba bila ardhi anayokaa mdaiwa na familia yake visihesabiwe kuwa mali ya kuuzwa. Ombi likishapokelewa na Mpokeaji Rasmi, utekelezaji usimame siku hiyo hiyo kwa muda maalumu wakati maombi yanachunguzwa, maana dalali hangoji uamuzi. Mwenye kuficha mali aadhibiwe kama sheria inavyosema sasa, na adhabu ikiwa kali zaidi sitapinga.

Kwa mdhamini napendekeza jambo ambalo najua Sacco hazitalipenda. Mkopaji anapofunguliwa kisheria, mdhamini asidaiwe riba wala faini, adaiwe asili ya mkopo iliyobaki tu, na alipe kwa awamu zisizozidi alichokuwa akilipa mkopaji. Akiba yake isifagiliwe kwa siku moja. Sacco zitasema fedha ni za wanachama, na ni kweli. Lakini mdhamini naye ni mwanachama, na Sacco inayommaliza mwanachama mmoja kwa kosa la mwingine itakosa mtu wa kudhamini mkopo ujao. Tayari naona walimu na wafanyakazi wa bandari wanaokataa kutia sahihi kwa mtu yeyote, hata ndugu wa tumbo moja.

Na kabla Bunge halijaamka, kuna ya kufanywa kwa waraka wa ofisi. Huduma Centre ya Mombasa, kituo cha huduma za serikali chini ya paa moja, inajulikana na kila mtu. Mpokeaji Rasmi awe na kaunta yenye bango pale, na fomu za Kiswahili, lugha ambayo Kifungu cha 7 cha Katiba kinaita ya taifa na rasmi. Hakimu wa Madai Madogo anapotoa hukumu dhidi ya mtu aliyesimama mbele yake bila wakili, amweleze kwa Kiswahili kwamba zipo njia za ufilisi na amri ya awamu, na ampe karatasi yenye anwani ya pa kwenda. Dakika tano zatosha. Leo hii mtu anatoka mahakamani akijua tarehe ambayo dalali atakuja, na hakuna aliyemwambia jambo lingine lolote.